Mpiga gita akitoa albamu nje ya bendi yake: kahama au hajahama?

Mpiga solo wa bendi akisikika kwenye albamu isiyo ya bendi yake, mashabiki wa Dar es Salaam huuliza swali moja tu: kahama?

Swali hilo halikuja hivihivi. Kwa miaka mingi muziki wa dansi Tanzania umeishi kwa kuhama. Mwanamuziki akichoka huku anakwenda kule, na bendi aliyoiacha inatafuta mwingine wa kuziba pengo.

Kwenye rock mambo huwa tofauti. Mpiga gita anaweza kutoka kidogo, akarekodi na watu wengine, kisha akarudi kwenye nafasi yake jukwaani na wenzake wakaendelea kama kawaida. Hakuna aliyehama, hakuna aliyefukuzwa. Kazi ya namna hiyo huitwa mradi wa pembeni.

Kwa nini wao wanaweza, na kwa nini hapa kwetu imekuwa ngumu? Jibu linaanzia kwenye mambo matatu: gita ni la nani, jina ni la nani, na wimbo ni wa nani.

Deiwaka, kuhama na mradi wa pembeni

Mambo haya huchanganywa sana, kwa hiyo ni vizuri kuyatenganisha kwanza.

Deiwaka ni mwanamuziki anayepiga kwa siku. Bendi fulani imekosa mpiga besi leo, inamwita, anapiga nyimbo za wenyewe, analipwa, anaondoka. Hapo hakuna wazo lake, kuna mkono wake tu.

Kuhama ni kuacha kabisa. Unarudisha vyombo, unaaga (au huagi), na kesho uko na bendi nyingine.

Mradi wa pembeni uko katikati. Mwanamuziki anabaki mwanachama wa bendi yake, lakini anatengeneza kazi ambayo bendi haikuwa na nafasi nayo, au haikuipenda, au haihusiani nayo. Kazi hiyo inabeba jina lake au jina jipya. Ikiisha, anarudi nyumbani.

Siku mbili za Brian May

Mfano unaoeleweka haraka ni wa bendi ya Queen ya Uingereza. Watanzania wengi wanaijua kwa sababu ya mwimbaji wake Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mpiga gita wa bendi hiyo ni Brian May.

Mwaka 1982 Queen walitoa albamu ya Hot Space na kuzunguka nayo hadi Japani. Mwaka uliofuata wakaamua kupumzika. Katika mapumziko hayo May alikuwa Los Angeles, na kichwani alikuwa na wimbo ambao Queen wasingeuhitaji: wimbo wa kipindi cha televisheni cha watoto kiitwacho Star Fleet, alichokuwa akikitazama mwanawe mdogo.

May akawaita marafiki. Tarehe 21 na 22 Aprili 1983 waliingia studio ya Record Plant. Kwenye gita la pili alikuwa Eddie Van Halen, ambaye naye alikuwa na bendi yake kubwa. Ngoma alipiga Alan Gratzer wa REO Speedwagon, besi Phil Chen, na kinanda Fred Mandel.

Kilichopatikana ni nyimbo tatu tu. Mmoja ni huo wa watoto. Mwingine, Let Me Out, May alikuwa nao tangu zamani. Wa tatu, Blues Breaker, ni magita mawili yakijibizana kwa zaidi ya dakika kumi bila haraka, kitu ambacho ni vigumu kukipatia nafasi kwenye albamu ya bendi ya watu wanne wenye nyimbo zao.

Santuri ilitoka Oktoba 31, 1983 kwa jina la Star Fleet Project, na msanii aliyeandikwa ni Brian May na marafiki zake. Neno Queen halikutumika kama jina la msanii.

Bendi ilivunjika? Hata kidogo. Miezi michache baada ya siku zile mbili, Queen wenyewe waliingia Record Plant kuanza albamu ya The Works, iliyotoka Februari 1984. Mwaka 1985 Freddie Mercury naye akatoa albamu yake, Mr. Bad Guy, mwezi Aprili, na Julai mwaka huohuo Queen wakapanda jukwaa la Live Aid pale Wembley, onyesho ambalo mpaka leo linatajwa kati ya makubwa ya rock. Mpiga ngoma wao, Roger Taylor, alikuwa amewatangulia wote kwa albamu yake ya mwaka 1981.

Kwa nini alirudi bila ugomvi

Kwanza, gita lilikuwa lake. Tena lake kwelikweli: May alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963 akiwa kijana, na shingo ya gita hilo waliichonga kutoka kwenye mbao za meko ya zamani ya kuotea moto. Hakuna meneja ambaye angemwambia aliache ofisini.

Pili, jina lilikuwa wazi. Queen ni ya wanne, Brian May ni ya Brian May. Mnunuzi dukani hakudanganywa, na bendi haikuporwa sifa yake.

Tatu, nyimbo zilikuwa na wenyewe. Ndani ya Queen kila aliyetunga wimbo aliandikwa kama mtunzi na ndiye aliyepata mrabaha wa utunzi. Hilo liliwaletea mivutano, kwa sababu kila mmoja alitaka wimbo wake uingie kwenye albamu. Ni kwenye albamu ya The Miracle ya mwaka 1989 ndipo walipokubaliana kuandika nyimbo zote kwa jina la Queen. Lakini hata walipokuwa wakivutana, kila mtu alijua kipi chake na kipi cha pamoja.

Na nne, bendi ilikuwa mapumzikoni. Hakuna onyesho lililokosa mpiga gita kwa sababu ya Star Fleet.

Hapa kwetu, gita lilikuwa la mwajiri

Sasa rudi Dar es Salaam. Baada ya uhuru, bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa chini ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi walikuwa na yao, jeshi lilikuwa na zao, Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee.

Utaratibu huo uliwapa wanamuziki kitu ambacho wengi wa leo wanakitamani: ajira. Kulikuwa na mshahara, ukumbi wa mazoezi na vyombo.

Neno la kushika hapo ni vyombo. Gita, amplifaya, ngoma na maikrofoni vilikuwa vya taasisi. Ala zilitoka nje ya nchi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zikawa adimu. Kwa mpiga solo wa kawaida, kununua gita la umeme kwa mfuko wake ilikuwa ndoto.

Kwa hiyo fikiria mpiga gita wa wakati huo mwenye wazo ambalo bendi yake hailitaki. Gita analopigia si lake. Siku anazofanya kazi amezipanga mwajiri. Jina linalojulikana redioni ni la bendi. Studio kubwa ni ya Redio Tanzania, na huko ni bendi ndizo zilizokuwa zikirekodi. Aanzie wapi?

Mlango uliokuwa wazi ni mmoja: kuhama.

Waliolazimika kuhama ili wasikike

Mbaraka Mwinshehe ndiye mfano mkubwa. Alikuwa mpiga solo, mwimbaji na mtunzi, na Morogoro Jazz ilijulikana kwa mkono wake. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka. Lakini alipotaka bendi ya kufuata mawazo yake, hakutoa albamu ya pembeni. Mwaka 1973 aliondoka na kuunda Super Volcano. Alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34.

Mpiga gita Abel Balthazar naye alikuwa Dar International, mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, ile ya Sikinde. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipounda upya Orchestra Safari Sound, Balthazar alikuwa kati ya waliovutwa, pamoja na mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo. Bendi tatu ndani ya miaka isiyofika kumi.

Angalia jambo hilo kwa jicho la leo. Kila kuhama kulileta muziki mzuri, hilo halina ubishi. Lakini kila kuhama pia kulivunja kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Bendi iliyoachwa ilianza upya kufundisha watu nyimbo zilezile.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya, ugomvi ukawa wa jina. Ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walikuwa na Simba Wanyika. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa, akiwemo mpiga gita Omar Shabani, waliondoka na kuanzisha Les Wanyika. Walihama, lakini neno Wanyika likahama nao, na mpaka leo kuna wasikilizaji wanaozichanganya bendi hizo.

Patrick Balisidya na wana rock wa Uswidi

Kuna Mtanzania mmoja aliyekaribia sana kile alichofanya Brian May, na alikifanya miaka minne kabla.

Patrick Balisidya, mwana Dodoma, alikuwa mpiga gita, mpiga kinanda na mwimbaji. Bendi yake ilikuwa Afro 70, aliyoiunda Dar es Salaam mwaka 1970, na wengi wanamkumbuka kwa kibao cha Harusi, ambacho bado kinapigwa kwenye sherehe.

Mwaka 1979 ilitoka albamu iitwayo Bado Kidogo. Ilirekodiwa Uswidi, na waliopiga na Balisidya ni kundi la Archimedes Badkar, yaani beseni la kuogea la Archimedes. Hilo lilikuwa kundi la vijana wa Stockholm waliochanganya rock na muziki wa kiasili wa nchi mbalimbali, na tayari lilikuwa na albamu zake tangu mwaka 1975.

Kwa nini Uswidi? Tazama hali ya wakati huo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na njia ya kawaida ilikuwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe mpaka mwaka 1983. Mwanamuziki wa Dar aliyetaka santuri ndefu yenye muziki wa kujaribu mambo mapya alikuwa na milango michache sana.

Stockholm ilimpa Balisidya vile vitu ambavyo nyumbani vilikosekana: studio, vyombo, kampuni ya kutoa santuri, na wanamuziki wasiokuwa na mazoea ya dansi. Matokeo yake ni albamu ya Kiswahili ambayo si dansi ya Dar iliyozoeleka, wala si rock ya Ulaya peke yake.

Hata hivyo, kitu kimoja kinaitofautisha na Star Fleet. Kwenye jalada la Bado Kidogo jina la Afro 70 lipo, sambamba na la kundi la Uswidi. Balisidya alisafiri na jina la bendi yake. Ndivyo soko la hapa lilivyokuwa: msikilizaji alijua bendi kabla ya kumjua mtu.

Balisidya alifariki mwaka 2004. Wengi wanaocheza Harusi kwenye kumbi za Dar hawajui kwamba mpigaji huyo aliwahi kutoa albamu na wana rock wa Stockholm.

Nini kimebadilika ukiwa Tegeta leo

Chukua mpiga gita wa sasa anayeishi Tegeta. Ijumaa na Jumamosi anapanda gari kuelekea mjini kupiga na bendi yake, au anapiga kwenye moja ya baa za barabara ya Bagamoyo, kuanzia Mbezi Beach mpaka Bunju. Jumatatu mpaka Jumatano yuko nyumbani.

Gita, mara nyingi, ni lake. Hilo peke yake ni mapinduzi ukilinganisha na miaka ya 1970.

Studio nayo imesogea. Chumba kimoja chenye magodoro ukutani, kompyuta na maikrofoni moja nzuri kinatosha kuanzia. Hata simu inaweza kurekodi nyimbo zenye njia nyingi za sauti, kwa programu za bure kama BandLab. Siku zile mbili za Los Angeles zilihitaji studio ya gharama. Leo zinaweza kuwa usiku nne za Tegeta, majirani wakishalala na jenereta za mtaa zimezimwa.

Kusambaza kazi hakuhitaji kiwanda cha santuri. Msanii anapeleka faili kwa msambazaji wa mtandaoni, naye anaipeleka Boomplay, Spotify na kwingineko.

Jirani zetu wameshaanza kuonyesha njia. Nairobi kulikuwa na Duma, kundi la watu wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, wanaopiga metali iliyochanganywa na mitambo. Albamu yao ilitoka mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 Kanja akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kwa jina jingine kabisa: Lord Spikeheart. Jina tofauti, kazi tofauti, hakuna wa kuchanganyikiwa.

Lakini ugomvi haujaisha, umehamia kwenye fomu

Gita si tatizo tena kwa wengi. Tatizo limebaki kwenye jina na wimbo.

Unapopeleka wimbo kwa msambazaji, fomu inauliza mambo ambayo mazoezini watu huona aibu kuulizana. Msanii ni nani? Mtunzi ni nani? Hela inagawanywaje? Ukijaza kwa kubahatisha, unajenga kesi ya baadaye.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoizaa COSOTA, inatenganisha mambo mawili. Hakimiliki ni ya mtunzi wa kazi. Hakishiriki ni ya wanaoifikisha kazi hiyo kwa watu: waimbaji na wapigaji, watayarishaji wa rekodi, na vituo vya utangazaji.

Kwa lugha ya mtaani: aliyetunga wimbo ana haki yake, na aliyeupiga ana yake, na hazifanani. Mpiga gita aliyebuni solo tamu kwenye wimbo wa mwenzake hajawa mtunzi wa wimbo huo kwa sababu tu watu wanaipenda ile solo. Kama waliutunga pamoja, hilo liandikwe mapema.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi

Kwa mpiga gita anayefikiria mradi wa pembeni, maswali ya kumaliza kwanza ni haya:

• Mkataba wako na bendi unasemaje? Kama unakataza kurekodi nje, omba ruhusa kwa maandishi. Kama hakuna mkataba, mwambie kiongozi kabla hajasikia kwa watu.

• Vyombo ni vya nani? Ukitumia gita au amplifaya ya bendi, hata kwa usiku mmoja, mwenye vyombo ajue.

• Wimbo ulizaliwa wapi? Kibao mlichokijenga pamoja mazoezini ni cha wote hata kama wazo la kwanza lilikuwa lako. Anza na nyimbo ambazo hazijawahi kufika mazoezini, au ambazo bendi ilizikataa mbele ya wote.

• Jina gani litaandikwa? Usitumie jina la bendi, wala nusu yake, kuvuta wasikilizaji. Jina lako au jina jipya linatosha.

• Waliokusaidia watapata nini? Kama ni deiwaka, mlipe yaishe. Kama ni mtunzi mwenzako, andikeni asilimia siku hiyohiyo.

• Ratiba inagongana? Usirekodi wiki ambayo bendi ina shoo kubwa. Kukosekana mara moja kunatosha kuzaa neno kahama.

Baada ya hapo, sajili kazi COSOTA na utunze ushahidi: sauti za mwanzo kwenye simu, ujumbe mliotumiana, na tarehe.

Na bendi inapata nini?

Viongozi wengi wa bendi huona mradi wa pembeni kama mlango wa kutokea. Historia ya hapa inawapa sababu ya kuogopa, maana wameshaachwa wengi.

Ila ukimbana mpiga solo asitoe wazo lake popote, wazo halifi. Linageuka kuwa kinyongo, na kinyongo ndicho kinachomfanya mtu asikilize ofa ya bendi nyingine. Mbaraka hakuwa na mahali pa kupeleka wazo lake akabaki Morogoro Jazz. Brian May alikuwa napo, akarudi kazini na mikono imechangamka.

Kuna na faida ya wazi. Shabiki anayemgundua mpiga gita kwenye albamu yake ya nyumbani anaweza kumfuata mpaka ukumbini, na kiingilio cha ukumbini ni cha bendi nzima.

Kwa msikilizaji, jambo ni jepesi zaidi. Ukiona jina la mpiga solo unayempenda kwenye kazi mpya, kabla ya kuuliza kama kahama, angalia limeandikwa jina gani la msanii, kisha angalia bendi yake inapiga wapi Jumamosi. Kama bado yupo jukwaani, basi umepata muziki mara mbili.